Mambo ya kupima kabla ya kukubali kazi ya kuendesha tangi la kemikali

Dereva aliyezoea semi ya mizigo mikavu anapoitwa na tajiri mwenye matangi ya kemikali, swali la kwanza analouliza huwa ni posho ya safari ya Tunduma au ya Lubumbashi. Ni swali la haki, lakini halitoshi, kwa sababu katika kazi hii fedha inayotajwa ofisini na ile inayofika nyumbani mwisho wa mwezi hutofautiana kutokana na siku ambazo gari limesimama, upungufu wa mzigo anaodaiwa dereva, na madhara anayoweza kuyapata mwilini. Maelezo haya yanamhusu dereva wa Tanzania Bara anayeingia kwenye kemikali kwa mara ya kwanza, ambaye bado ana nafasi ya kuuliza kabla hajatia saini.

Kuhusu sifa hakuna mengi ya kusema. Utatakiwa kuwa na leseni ya daraja E, na waajiri wengi watataka cheti cha kozi ya magari makubwa kutoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA. Usafirishaji wa kemikali unasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na mamlaka hiyo hutoa mafunzo kwa madereva wanaobeba mizigo ya aina hiyo. Uliza mapema ni nani anayelipia mafunzo hayo, na kama siku utakazokaa darasani zinahesabiwa kuwa siku za kazi.

Mshahara wa msingi na posho

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, yakitaja kazi yenyewe, mahali pa kazi, muda wa mkataba, saa za kazi na ujira. Suala hili halikuja kwa wepesi: madereva walipogoma nchini mwezi Aprili 2015, mikataba ya ajira ilikuwa miongoni mwa madai yao. Kwa hiyo usione haya kuomba karatasi.

Ujira wa dereva wa masafa marefu huwa na sehemu mbili, yaani mshahara wa msingi wa kila mwezi na posho ya kila safari, na uwiano wa sehemu hizo ndio unaopaswa kukushughulisha zaidi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tajiri wa kwanza anakuahidi mshahara wa shilingi 500,000 na posho ya 250,000 kwa safari. Wa pili anakuahidi mshahara wa 250,000 na posho ya 400,000. Ukienda safari mbili kwa mwezi, wa kwanza atakupa 1,000,000 na wa pili 1,050,000, na hapo wengi humchagua wa pili. Lakini foleni ya mpaka wa Kasumbalesa ikikuzuia ukamaliza safari moja tu, wa kwanza atakupa 750,000 na wa pili 650,000; na gari likikaa gereji mwezi mzima, utabaki na 500,000 kwa wa kwanza na 250,000 kwa wa pili. Tangi la kemikali husimama zaidi ya gari la kawaida, kwa sababu lazima lisafishwe kabla ya kupakia mzigo wa aina nyingine, na kwa sababu kiwanda kinachopokea mzigo hakishushi mpaka sampuli ipimwe. Mimi ningechagua mshahara mkubwa wa msingi, hasa kwa mtu mwenye familia inayotegemea kodi ya nyumba na ada.

Kuna sababu nyingine ya kuutazama mshahara wa msingi. Malipo ya saa za ziada, nyongeza ya kazi ya usiku na kiinua mgongo hukokotolewa kutoka humo. Kwa mshahara wa 500,000 na wiki ya saa 45, saa moja ina thamani ya takriban shilingi 2,564. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani kama shilingi 3,846, na saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi huongezwa asilimia 5. Uliza pia kama posho uliyotajiwa ni yako au ndani yake kuna maegesho, chakula na ujira wa utingo. Fedha inayoishia barabarani isihesabiwe kuwa kipato.

Upungufu wa mzigo

Hapa ndipo madereva wapya wanapoumia, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Mzigo ukifika pungufu, yaani shoti, baadhi ya matajiri hukata thamani yake yote kwenye posho au mshahara bila kuuliza. Sheria haiwaruhusu kufanya hivyo. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinataka dereva awe amekubali kwa maandishi makato ya deni mahususi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Kwa hiyo, mkataba wenye sentensi inayosema kwamba dereva atalipa upungufu wowote utakaotokea usiutie saini kabla sentensi hiyo haijarekebishwa.

Upungufu mwingi hauna mwizi. Dizeli ni mfano mwepesi: ujazo wake hubadilika kwa karibu asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo lita 35,000 zilizopakiwa kwenye joto la Dar es Salaam zikishushwa kwenye baridi ya nyanda za juu zikiwa zimepoa kwa nyuzi 10 zitasoma pungufu ya lita 280 hivi, ingawa hakuna tone lililotoka. Hakikisha joto la mzigo limeandikwa kwenye hati wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Tindikali na kostiki (soda kali inayounguza), zinapopimwa kwa uzito, zina mtego wa namna nyingine. Ukipimwa ukiwa na mzigo mwanzoni, na ukapimwa tena hivyo hivyo mwishoni, tofauti itajumuisha mafuta ambayo gari lenyewe limetumia. Lita 500 za dizeli ni kilo 420 hivi. Dai gari lipimwe likiwa tupu baada ya kushusha, kisha ndipo uzito wa mzigo upatikane. Andika namba za lakiri zote, yaani mihuri inayofunga tangi, zipige picha, na usikubali kuondoka kwenye kituo cha kupakia ikiwa lakiri moja haifanani na hati.

Ukikutana na mtu anayenunua mafuta au kemikali za kuchotwa njiani, mkatalie. Mbali na kifungo, kemikali iliyotolewa kwenye tangi bila vifaa imeshawaunguza wachotaji, na kilichotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota, kila dereva wa tangi anapaswa kukikumbuka gari lake linapopata ajali: kazi ya kwanza ni kuwazuia watu wasisogee.

Saa za kazi

Kiwango cha kisheria ni siku 6, saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne, pamoja na mapumziko ya saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Barabarani mambo hayaendi hivyo, hasa mtu anapobanwa awahi Tunduma. Mkataba wako uliza unasemaje kuhusu saa za kusubiri mpakani, ambapo huendeshi lakini huwezi kuliacha gari.

Mwili wako

Tangi la kemikali mara nyingi halina vizuizi vya ndani, ili liweze kusafishika, kwa hiyo mzigo usiojaa hutembea. Tindikali ya salfuriki nzito ina uzito wa kilo 1.84 kwa lita, maana yake tani 30 ni kama lita 16,300 tu. Ukipewa mzigo huo kwenye tangi la lita 40,000, mawimbi yake yatakusukuma mbele ukifunga breki na kukuvuta pembeni kwenye kona za Kitonga. Uliza ukubwa wa tangi kabla ya kuondoka, na kataa tangi ambalo halikutengenezwa kwa mzigo huo.

Mwajiri ndiye mwenye jukumu la kukupa vifaa vya kujikinga bila kukukata: glavu na vazi la kuhimili kemikali, kinga ya uso mzima, buti za mpira, na maji ya kutosha ya kuosha macho. Tindikali au kostiki ikikugusa, mimina maji mengi mfululizo kwa dakika 20 huku nguo zikivuliwa, ndipo utafute hospitali. Usiingie ndani ya tangi kulisafisha, hata ukiambiwa ni dakika mbili tu: hewa ya mle inaweza kuua papo hapo, na tindikali iliyochanganyika na maji ikigusa chuma hutoa haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka pia upimwe afya. Pima mapafu na macho kabla ya kuanza, utunze majibu, kwani bila hayo itakuwa vigumu kuthibitisha baadaye kwamba kazi ndiyo iliyokudhuru. Fidia hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake. Ukiona mchango huo kwenye makato yako, uliza.

Miezi sita ya kwanza ni ya tahadhari, kwa kuwa mfanyakazi ambaye hajatimiza muda huo kwa mwajiri mmoja halindwi na masharti ya kuachishwa kazi isivyo halali. Hata hivyo, haki zako za mshahara, mapumziko na makato zinakulinda tangu siku ya kwanza. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nakala za mkataba, hati za mizigo, picha za lakiri na karatasi za mizani ziweke nyumbani, wala zisibaki ndani ya gari, kwa sababu siku utakapozihitaji funguo za gari hilo huenda ziko kwa mtu mwingine.