Babu alikuwa soda wa Force Publique: namna ya kumtafuta

Ukitafuta asili ya babu aliyekuwa soda, yaani askari, wa Force Publique, jeshi la Kongo la wakati wa Wabelgiji, usianze na jina lake. Jina la soda wa zamani linateleza: karani Mbelgiji aliliandika alivyolisikia, padri akaongeza la ubatizo, halafu mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikakataza majina ya Kikristo. Babu yangu ana majina matatu kwenye karatasi tatu, na ni mtu yuleyule.

Anza na matrikule yake, yaani namba aliyopewa jeshini. Tafuta kitabu chake cha jeshi, karatasi ya kuachishwa kazi, hata mgongo wa picha. Kwetu Bukavu, sanduku la mzee mara nyingi halibaki kwa mtoto wa kiume mkubwa. Linabaki kwa binti aliyemuuguza. Nenda kwake kwanza, na uende na sukari, si na maswali tu.

Ukikuta medali ya shaba ya vita vya Afrika vya 1940-1945, angalia kipande kidogo kwenye utepe wake. Kikiandikwa Abyssinie, babu alikwenda Ethiopia kupigana na Waitalia. Askari wa Kongo walipitia Sudani, wakateka Asosa mwezi wa tatu 1941, na tarehe 3 Julai jenerali Mwitalia Gazzera akajisalimisha kwao, mahali paitwapo Saïo. Ndiyo Saïo ya kambi yetu ya jeshi hapa Bukavu. Watoto wa Bukavu wanapita hapo kila siku, na inaniuma kwamba hatuwafundishi jina hilo limetoka wapi. Kikiandikwa Nigérie au Moyen-Orient, mtafute katika miaka ya 1942 hadi 1944.

Sasa kwao ni wapi? Usidhani ni hapa kwa sababu alizikwa hapa. Baada ya askari wa Luluabourg kuasi mwaka 1895, wakubwa waliogopa kikosi cha kabila moja, wakaanza kuwachanganya watu na kuwapeleka mbali na kwao. Utumishi ulikuwa miaka 7, na wengi walioa walikofikishwa. Babu yangu alikuwa Mtetela wa Sankuru, akamwoa mwanamke wa kabila la Bashi wa huku kwetu, na sisi wajukuu tunaongea Mashi bila kujua neno la Kitetela.

Kilichotufungulia mlango ni parokia. Kama alifunga ndoa ya Kikatoliki, omba kuona kitabu cha ndoa, kwa sababu humo huandikwa alibatizwa wapi. Ukifika kwenye parokia ya ubatizo, soma hadi pembeni mwa ukurasa: padri aliyefungisha ndoa alitakiwa kutuma habari huko, nayo ikaandikwa pale. Nakili jina la baba, la mama, la kijiji, na hasa la baba wa ubatizo. Soda aliyebatizwa kambini alisimamiwa mara nyingi na soda mwenzake, na familia ya huyo inaweza kuwa na habari ambazo yenu haina. Angalia pia ndoyi, yaani mtu ambaye mtoto alipewa jina lake: mtoto gani wa babu alipewa jina la mtu asiye wa ukoo wenu? Kwetu alikuwa shangazi, na jina lake lilikuwa la mke wa sajini wao. Mpigie katibu wa parokia kabla hujaenda, na umwachie muda. Vitabu vya zamani havishikwi kwa haraka.

Karatasi zitakutajia miji kwa majina ya zamani. Costermansville ni hapa Bukavu, Luluabourg ni Kananga, Stanleyville ni Kisangani, Coquilhatville ni Mbandaka.

Hati nyingi za utawala wa koloni ziko Bruxelles, katika hifadhi za serikali ya Ubelgiji. Andika kwa Kifaransa, barua fupi: matrikule, miaka ya utumishi, kambi, majina yote kama yalivyoandikwa, makosa yakiwemo. Usiyasahihishe.

Ukishajua kijiji, watafute kwanza watu wa huko wanaoishi mjini kwako. Wana mutuelle zao, yaani vyama vya kusaidiana vya watu wa kwao, na watakuonyesha wa kumpigia simu. Muulize mzee wa kule baba yake babu alikuwa nani, mama yake alitoka ukoo gani, na ni vijana gani waliochukuliwa jeshini pamoja naye siku moja. Swali hilo la mwisho usiliruke. Waliochukuliwa pamoja huenda waliandikwa kwa kufuatana, na kama ya babu imepotea, namba ya mwenzake itakuonyesha uanzie wapi kuitafuta.