Somo: Kubadilisha mpira wa ukingo kwenye spika za zamani

Spika nyingi zinazoletwa kwa mafundi wa Bukavu, hasa zile kubwa za makanisa na za baa zilizoingia nchini zikiwa tayari zimetumika kwingine, hazijaungua koili (ule waya uliosokotwa unaoisukuma koni) wala sumaku zao hazijaharibika. Zimechakaa ukingo tu. Ukingo ni ule mkunjo unaounganisha koni, yaani lile bakuli jepesi linalotikisika na kutoa sauti, na fremu ya chuma. Huishika koni isiyumbe inapokwenda mbele na nyuma, na huizuia hewa ya nyuma isichanganyike na ile ya mbele, kwa sababu hewa hizo zikikutana besi hupotea.

Kabla ya kununua chochote, tambua ukingo wako umetengenezwa kwa nini. Ule wa sponji huliwa na unyevu polepole, na baada ya miaka 10 hadi 20 mara nyingi humomonyoka ukiugusa kwa kidole. Wa kitambaa kilichopakwa dawa hudumu sana. Mpira nao una tabia mbili: ule wa butili, yaani mpira wa kutengenezwa kiwandani, hustahimili miaka mingi, ilhali mpira asilia hushambuliwa na gesi ya ozoni iliyo hewani na jua, ukaanza kwa nyufa ndogo zinazoonekana pale tu unapovutwa. Mji wetu uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku lina mionzi mikali zaidi kuliko la pwani, kwa hiyo spika inayokaa barazani bila wavu wake isitegemewe kuzeeka vizuri.

Kuna ubovu mwingine usioonekana, na ndio unaowapotosha wengi: mpira mzima, usio na ufa hata mmoja, lakini uliokakamaa. Weka vidole vinne kuizunguka koni na uisukume taratibu, ukiigawia nguvu sawa kila upande. Ikigoma, au ikienda kwa shida, ujue kwamba masafa yake ya asili, yaani kasi ambayo koni hupenda kutetemeka yenyewe, yamepanda na besi itakuwa nyembamba hata ukibadilisha amplifaya mara tatu.

Hatua ya kwanza ni kupima koili kwa multimita, kile kipimo cha umeme, ukiiweka kwenye omu (kizio cha ukinzani wa umeme). Spika iliyoandikwa omu 8 husoma karibu omu 6. Isiposoma kitu, usitumie fedha kwenye ukingo kabla tatizo hilo halijatatuliwa.

Hatua ya pili ni vipimo. Usiagize kwa kusema "inchi 8" pekee, maana spika mbili za inchi 8 zinaweza kutofautiana kabisa. Pima kipenyo cha koni pale gundi inapoishia, upana wa mkunjo wenyewe, na kipenyo cha nje kwenye fremu. Mpira urudishiwe mpira, na sponji irudishiwe sponji, kwa kuwa uzito ukibadilika spika nayo hubadilika tabia. Kama spika mbili zinafanya kazi kwa pamoja, badilisha ukingo wa zote mbili.

Hatua ya tatu: ondoa ukingo wa zamani kwa wembe, kisha safisha mabaki ya gundi kwa alkoholi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Asetoni na petroli viwekwe mbali, kwani vinaweza kuharibu koni ya plastiki na kulegeza gundi ya koili.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji subira. Gundisha ukingo kwenye koni kwanza, uache ukauke, ndipo uende kwenye fremu. Tumia gundi isiyokauka haraka, inayokuruhusu kusogeza. Koili hucheza ndani ya mwanya mwembamba sana, na ukiigundisha ikiwa imeegemea upande mmoja, itasugua. Njia salama zaidi ni kukata kifuniko cha vumbi kilicho katikati ya koni na kuingiza vipande vyembamba vya plastiki, vyenye unene uleule, kati ya koili na nguzo ya sumaku, mpaka gundi ikauke. Asiyetaka kukata kifuniko anaweza kuipigisha spika mlio mzito wa hezi 20 hadi 30 (mitetemo 20 hadi 30 kwa sekunde) kwa sauti ndogo wakati gundi bado mbichi, huku akisogeza ukingo kidogo kidogo. Zima redio, funga mlango, inamisha sikio. Koili inayogusa hutoa mkwaruzo hafifu kama karatasi inayoburutwa juu ya mchanga, na mkwaruzo huo ukitoweka, acha hapo hapo na ubane ukingo kwa saa 24.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kadutu: Fundi, mpira wangu umekakamaa lakini haujapasuka. Siwezi kuupaka mafuta ya gari ukalainika?

Jibu: Hapana, ndugu. Mafuta hayo hutokana na petroli, nayo huvimbisha mpira na kuulegeza, kisha gundi nayo huachia. Utafurahi wiki chache, halafu utanunua ukingo pamoja na kazi ya kusafisha.

Mwanachama wa Bagira: Papa fundi, je, naweza kukata ukingo kutoka kwenye tyubu ya baiskeli?

Jibu: Tyubu nyingi ni za butili, kwa hiyo mpira wenyewe ni mzuri. Kinachokosekana ni mkunjo. Kipande bapa huivuta koni inapotaka kusafiri mbali, nacho ni kizito mno. Kikubali kama kiraka cha muda kwenye ufa mdogo, kikiwa chembamba, basi.

Mwanachama wa Ibanda, mwimbishaji wa kwaya: Tumebadilisha ukingo, lakini tukiongeza sauti spika inakwaruza. Gundi imeshakauka.

Jibu: Mama, sukumeni koni kwa vidole kwanza. Ikikwaruza pia kwa mkono, koili haikukaa katikati na ukingo utabidi utolewe upya kwenye fremu. Isipokwaruza, angalieni zile nyaya laini zinazoingia kwenye koni, kwani zikikaa vibaya huipiga koni inapocheza sana. Jambo la tatu ni spaida, ile sahani ya kitambaa chenye mikunjo iliyo nyuma ya koni: kwenye spika nzito iliyosimama miaka mingi hulegea upande wa chini. Fungueni skrubu, zungusheni spika nusu mduara ndani ya kasha lake, kisha mjaribu tena kwa sauti ileile.