Jinsi ya Kutumia Kifaa cha Mkondo Hafifu wa Umeme kwa Farasi na Binadamu Walioumia

Kabla ya kuwasha kifaa chochote, weka mkono mguuni mwa farasi. Simama ubavuni mwake ukiutazama mkia, telezesha vidole nyuma ya mfupa ulio chini ya goti hadi kwenye kifundo kilicho juu ya ukwato, kisha urudie kwenye mguu wa pili ili upate cha kulinganisha. Kano nzima huhisika kama kamba iliyokazwa, haina joto na kingo zake hushikika. Kano iliyoumia huwa imejaa, ina fukuto, na ukiibana kidogo farasi huuondoa mguu mkononi mwako. Dakika 2 hizo zitakuambia mengi kuliko kioo cha mashine. Utazirudia kila siku kwa miezi, kwa hiyo zifanye kwa mpangilio uleule na kabla farasi hajatolewa zizini, kwa kuwa kutembea kwenyewe hupasha miguu joto.

Ukigundua joto au uvimbe, mwite daktari wa mifugo kwanza. Kifaa hiki hakitambui ugonjwa, na mguu uliovimba unaweza kuwa na kano iliyochanika, usaha ndani ya ukwato au ufa katika mfupa, na kila kimoja kina tiba yake. Picha ya ultrasaundi ndiyo inayoonyesha kano imeumia kiasi gani na mahali gani hasa. Binadamu naye asiharakishwe: aliyeteguka kifundo cha mguu akashindwa kupiga hatua 4, au anayeumia unapobonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, anahitaji eksirei kabla ya jambo lingine lolote.

Tiba hii, ambayo wengine huiita mikrokarenti, hutumia umeme usiofika miliampea 1, yaani mikroampea 1,000. Mashine za kutuliza maumivu zilizozoeleka katika vyumba vya fiziotherapia hupitisha umeme mkubwa zaidi, ndiyo maana mgonjwa husikia mchonyoto au huona msuli ukicheza. Hapa hasikii kitu, au husikia kidogo sana, na ndivyo inavyotakiwa. Fikra yenyewe ni ya zamani: katika karne ya 19 Emil du Bois-Reymond, mwanafiziolojia wa Ujerumani, alipima umeme mdogo uliotoka kwenye jeraha la kidole chake mwenyewe. Mwaka 1982 watafiti walipitisha umeme kwenye ngozi ya panya maabara, wakaona kwamba kati ya mikroampea 50 na 1,000 seli zilitengeneza ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, mara 3 hadi 5 zaidi ya kawaida, ilhali umeme ulipofikishwa mikroampea 5,000 faida hiyo ilitoweka. Ngozi ya panya maabara si kano ya farasi wa kilo 500, na majaribio yaliyofanywa kwa watu ni madogo, ya farasi machache zaidi. Mimi nakitumia kifaa hiki kama msaidizi wa mapumziko na mazoezi ya polepole, wala simshauri mtu akitegemee peke yake. Hata hivyo matokeo hayo ya maabara yana fundisho moja la kazi: usiongeze nguvu kwa sababu tu mgonjwa hasikii kitu.

Wapo wasiopaswa kuguswa na umeme huu kabisa bila idhini ya daktari. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani, mwanamke mjamzito, mwenye saratani au anayeshukiwa kuwa na damu iliyoganda katika mshipa wa mguu, na mwenye kifafa, hao wote waulize daktari kwanza. Usiweke elektrodi, yaani vipande vinavyopitisha umeme mwilini, machoni, mbele ya shingo, wala kifuani kwa namna ambayo umeme utapita katikati ya moyo. Farasi mwenye mimba, mwenye uvimbe usiojulikana asili yake, au mwenye homa (joto la mwili la farasi mzima halizidi nyuzi 38.5 za selsiasi) asubiri pia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na nitakaa zaidi kwa farasi kwa sababu ndipo penye ugumu. Adui mkubwa ni manyoya. Nilipoanza, nilifunga elektrodi juu ya manyoya makavu kwa wiki nzima nikiamini kwamba natibu, kumbe umeme ulikuwa haufiki kwenye ngozi. Osha mguu uondoe vumbi na jasho lililokauka, na kama mwenye farasi anakubali, nyoa sehemu mbili ndogo, kila moja yenye upana wa elektrodi. Asipokubali, loweka manyoya kwa maji yenye chumvi, gramu 9 kwa lita moja, halafu yapanue kwa vidole hadi uione ngozi, upake jeli kwa kuisugua kuelekea kinyume cha manyoya. Vibandiko vya kunata vinavyotumiwa na watu havishiki hapa. Tumia elektrodi za mpira wa kaboni au sifongo zilizoloa, uzifunge kwa bendeji isiyobana. Elektrodi moja ikae upande wa ndani wa mguu na nyingine upande wa nje, ili sehemu iliyoumia iwe katikati. Zikigusana, umeme utapita njia fupi na kuiacha kano ilivyo.

Fanya kazi hii mahali pakavu, kwa kifaa cha betri kisichounganishwa na umeme wa ukutani. Saisi, yaani mtunza farasi, amshike farasi kwa kamba upande uleule ulipo wewe, nawe uchuchumae, usipige magoti, ili uweze kuondoka haraka akishtuka. Anza na mikroampea 20 hadi 50 kwa jeraha la siku chache. Jeraha la zamani huweza kupandishwa taratibu hadi mia kadhaa kwa kufuata maelekezo ya kifaa chako. Mtazame farasi: akishusha kichwa, akilegeza mdomo wa chini na kupumua polepole, endelea kwa dakika 20 hadi 40. Akikanyagakanyaga, akipiga mkia au ngozi ikitetemeka, punguza au zima. Binadamu atakuambia kinachomchoma. Farasi hana njia nyingine ila hiyo, na usimwache peke yake na nyaya hata kwa dakika moja.

Kwa binadamu mambo ni mepesi. Ngozi safi isiyo na mafuta, vibandiko viwili vya kunata pande mbili za kifundo au msuli, muda uleule, mara moja au mbili kwa siku. Usiweke kibandiko juu ya ngozi iliyochubuka.

Jambo ninaloliogopa kuliko yote ni maumivu kupungua mapema. Farasi wa mbio aliyeumia kano ya nyuma ya mguu wa mbele huweza kuacha kuchechemea ndani ya wiki chache, na mwenye farasi, awe Ngong au Muscat, akatamani kumrudisha uwanjani, ilhali kano hiyo huhitaji kati ya miezi 9 na 12 na wakati mwingine zaidi. Andika katika daftari tarehe, nguvu uliyotumia, dakika, na hali ya joto na uvimbe. Matembezi ya kuongozwa kwa kamba yaongezwe kwa dakika chache kila wiki, na hatua ya kupanda kutoka kutembea hadi kutroti, yaani kukimbia polepole, iamuliwe kwa picha mpya ya ultrasaundi. Ikiwa wiki 3 zimepita na vidole vyako havijaona mabadiliko, au uvimbe umeongezeka, acha kifaa na umrudishe mgonjwa kwa daktari.

Kila ukimaliza, futa jeli mguuni, osha elektrodi na uzianike kivulini. Kila farasi awe na elektrodi na bendeji zake, na za watu zitengwe kabisa, maana choa cha farasi huambukizwa kwa vifaa na kumpata binadamu pia.