Nyumba ndogo ya Dar es Salaam isiyohitaji kiyoyozi

Kwa nyumba ya mita 6 kwa 7, anza na uelekeo kabla ya kuchimba msingi. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, ambako jua huwa juu na upenu wa sentimita 75 hulizuia. Magharibi weka choo na stoo, maana jua la alasiri huingia chini ya upenu wowote.

Pepo za kaskazi na kusi ndizo feni zako. Kila chumba kipate madirisha mawili kwenye kuta tofauti. Dirisha moja haliendeshi hewa. Epuka yale ya aluminiamu ya kusukuma: hufunguka nusu tu. Ya bawaba hufunguka yote.

Joto kubwa hutoka kwenye bati. Chagua bati jeupe, piga dari, kisha acha matundu yenye wavu chini ya upenu na juu karibu na kofia (bati la kilele cha paa). Mafundi wengi huyaziba, joto likabaki darini hadi usiku.

Paa hilo, pamoja na upenu, lina takriban mita 64 za mraba: mvua ya milimita 20 hukupa karibu lita 1,000 ukifunga gata.