Jinsi ya kuagiza draivu ya disketi ya Commodore 64 kutoka Ulaya na kuigomboa posta

Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoingia sokoni mwaka 1982, haina draivu ya disketi ndani yake. Programu huingizwa kwa katriji, kwa kaseti au kwa draivu ya nje, na draivu inayohitajika ni ya ukoo wa 1541. Huko Ujerumani na Uingereza bado zinauzwa kwa wingi mikononi mwa watu binafsi. Mwongozo huu ni kwa aliyeko Tanzania au Kenya anayetaka kuagiza moja, ilipiwe kodi ipasavyo na ifike ikiwa inafanya kazi.

Anza kwa kuchagua modeli. 1541 ya mwanzo ni nzito, maana transfoma iko ndani ya boksi lake, na joto lake linaishia humo humo. 1541-II ilikuja baadaye: ni ndogo, na adapta yake ya umeme iko nje. Ushauri wangu ni 1541-II. Nauli inapungua kwa sababu ya uzito, na adapta ikifa unatafuta nyingine inayotoa volti 5 na volti 12 bila kufungua draivu. Zote mbili zinasoma disketi za inchi 5.25, kiasi cha kilobaiti 170 kwa upande mmoja. Usichukue 1581 kwa sababu tu inaonekana ya kisasa zaidi. Hiyo ni ya disketi za inchi 3.5, na michezo mingi ya mashine hii ilitoka kwenye disketi kubwa.

Angalia pia nchi inakotoka. Draivu ya Ulaya imetengenezwa kwa umeme kama wetu, wa volti 220 hadi 240. 1541 ya Marekani ni ya volti 110 hadi 120, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiua.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji. Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa, kwa hiyo usione haya kuuliza. Je, ameijaribu kwa kuisomesha disketi, au ameona taa ikiwaka tu? Maneno “taa inawaka” hayatoshi hata kidogo. Omba picha ya skrini ikionyesha orodha ya mafaili yaliyomo kwenye disketi. Uliza kama waya wa data upo (plagi za duara zenye pini 6) na kama adapta imo. Uliza pia kama anatuma nje ya Ulaya. Wajerumani wengi wanaouza kwa matangazo madogo hutuma ndani ya nchi yao tu. Kama una ndugu au rafiki huko, mwombe aipokee na kuituma yeye.

Mkikubaliana, mwombe mambo mawili zaidi. La kwanza ni kufunga kichwa cha kusomea: akate kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa disketi, akiingize, kisha afunge mlango wa draivu. Commodore wenyewe waliuza draivu zikiwa na kadibodi ya namna hiyo, kwa sababu kichwa kikitikiswa njiani kinaweza kusogea mahali pake, na draivu ikaacha kusoma disketi zilizoandikwa na draivu nyingine.

La pili ni karatasi. Kifurushi cha posta kinachovuka mpaka hubandikwa fomu ya forodha, CN22 au CN23 kulingana na thamani yake. Mwombe aandike kilichomo kwa Kiingereza na kwa ukamilifu: draivu ya disketi ya kompyuta, iliyotumika, mwaka wa kutengenezwa kama anaujua, bei halisi, na namba ya ushuru 8471.70, ambayo ni fungu la vifaa vya kuhifadhia data vya kompyuta. Asiandike “zawadi”, wala asipunguze bei. Afisa akikuta bei isiyoaminika anakadiria mwenyewe, na kama kifurushi kina bima, fidia itafuata thamani iliyoandikwa.

Kwa fungu hilo, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0. VAT ni jambo lingine: kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na kuna tozo nyingine ndogo ndogo. Waulize TRA au KRA makadirio mapema, ukiwa na ankara mkononi.

Mzigo ukishatumwa, dai namba ya kuufuatilia. Ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi, kama DE au GB. Ukipata taarifa kwamba umefika, nenda posta na kitambulisho, TIN (Kenya ni PIN), ankara, uthibitisho wa malipo na picha za tangazo. Picha zinasaidia sana, kwani huenda afisa hajawahi kuona kifaa hiki. Lipa kwa namba ya malipo utakayopewa na utunze risiti.

Nyumbani, toa kadibodi kwanza. Unganisha waya vifaa vyote vikiwa vimezimwa; kuchomeka umeme ukiwapo kunaweza kuunguza chipu za kompyuta. Washa. Mota izunguke kidogo, kisha itulie. Ikizunguka bila kukoma, kuna hitilafu ndani. Weka disketi, andika LOAD"$",8 kisha LIST. Ukiona ?DEVICE NOT PRESENT ERROR, kagua waya na namba ya draivu, ambayo kwenye 1541-II hupangwa kwa swichi za nyuma na kwa kawaida ni 8.

Fanya jaribio hili siku ile ile unayoipokea. Ukinunua kupitia eBay, dai la kifaa kisicholingana na maelezo hufunguliwa ndani ya siku 30, na picha ya skrini uliyoiomba mwanzo ndiyo utakayoambatanisha.