Hita ya mafuta: rudisha kitufe mpaka usikie "tak"

Kwa wenzangu wa Mbeya, Njombe na Makete mnaowasha hita za umeme za mafuta (zile zilizojazwa mafuta ndani, haziyachomi) usiku wa Juni na Julai: kile kitufe cha kuzungusha hakiongezi ukali wa moto. Nimekielewa wiki hii tu. Ni swichi inayohisi joto la pale kilipo. Joto likifika kiwango ulichoweka inakata umeme, pakipoa inawasha tena. Kwa hiyo kukiweka mwisho hakuharakishi chumba kupata joto, kunaizuia tu hita isikate mapema. Hita ya wati 2000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti 2 za LUKU. Nguvu yenyewe inachaguliwa na zile swichi nyingine za pembeni.

Fanya hivi: funga mlango na madirisha, weka kitufe mwisho, subiri chumba kikufae. Kisha kirudishe polepole mpaka usikie "tak" na taa ya hita izime. Kiache hapohapo na utie alama kwa kalamu. Kesho unaanzia kwenye alama.

Haifanyi kazi hita ikiwa nyuma ya kochi au pazia (na pazia linaweza kuungua): joto linabanwa pale, inakata mapema, nawe kitandani bado unatetemeka. Nyumba isiyo na dari nayo ni tatizo, joto lote linapanda batini na hita haikati kabisa. Ichomeke moja kwa moja ukutani, ekstensheni nyembamba huyeyuka.