Kupima mabadiliko ya miunganiko ya ubongo kwa mwenye sonona

Miunganiko ni jinsi sehemu za ubongo zinavyofanya kazi kwa pamoja. Kila unapopima, tumia mashine ileile ya MRI (hupiga picha za ubongo kwa sumaku), mipangilio ileile, saa zilezile. Ukibadilisha mashine katikati, tofauti utakayoiona huenda ni ya mashine, si ya ubongo.

Mgonjwa alale kimya angalau dakika 10, macho wazi, akitazama alama ya msalaba. Akisinzia tu, miunganiko hubadilika. Adui mkubwa ni kichwa kutikisika. Hata nusu milimita hupotosha matokeo, hivyo kibane kwa sponji pande zote mbili, kisha ondoa picha zilizoharibika.

Siku hiyohiyo mjazishe dodoso la PHQ-9, linalopima ukali wa sonona (alama 0 hadi 27), na uandike dawa anazotumia. Rudia baada ya wiki 8. Wasio na sonona nao wapimwe mara mbili vivyo hivyo, ili kulinganisha.